Bima ya Mafuriko: Kila Nyumba na Hesabu Yake

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka maji yakiwa yameshafika sebuleni, nalo ni bima ya mafuriko. Nimeulizwa mara kadhaa, hasa na ndugu zetu waliohamia Marekani wakanunua au kupanga nyumba huko, ni bima ya namna gani inayoifaa nyumba ya mtu. Swali ni la leo, lakini jibu lake limo katika historia. Mtu asiyejua kwa nini bima hii imekuwa kama ilivyo ataweka sahihi kwenye karatasi asiyoielewa, na siku ya gharika atagundua kwamba alilipia kitu kimoja huku akihitaji kingine.

Tuanze na moto, maana bima ya nyumba ilizaliwa kutokana na moto. Mwaka 1666 mji wa London uliungua kwa siku kadhaa, na nyumba zaidi ya 13,000 ziliteketea. Mwanzoni mwa miaka ya 1680 bwana mmoja aliyeitwa Nicholas Barbon, mjenzi na mfanyabiashara, akaanza kuuza bima ya moto kwa wenye nyumba. Hesabu yake haikuwa ngumu. Katika nyumba elfu, mwaka wa kawaida, moto hushika mbili tatu. Wote wakichanga kidogo kidogo, mfuko unatosha kuwajengea hao wachache. Na kwa kuwa hakuna ajuaye moto utaanzia jikoni kwa nani, kila mtu ana sababu ya kuchanga.

Sasa chukueni hesabu hiyohiyo muipeleke mtoni. Itavunjika mara moja, kwa sababu mbili. Kwanza, mafuriko hayachagui nyumba mbili tatu. Yakija, yanachukua mtaa mzima, au bonde zima, kwa usiku mmoja. Wachangaji wote wanageuka wadai siku ileile. Pili, maji yana njia yake na watu wanaijua. Mwenye nyumba kilimani haoni kwa nini achange, na mwenye nyumba bondeni ndiye anayekimbilia kununua. Mfuko unabaki na watu walewale ambao ni hakika watadai. Kampuni inalazimika kupandisha bei, wachache waliokuwa na usalama kiasi wanajitoa, bei inapanda tena, na mwisho biashara inakufa.

Marekani ililijifunza hilo kwa machungu mwaka 1927. Katika majira ya kuchipua ya mwaka huo, mto Mississippi ulivunja matuta yake mahali pengi. Tarehe 21 Aprili tuta la Mounds Landing katika jimbo la Mississippi lilipasuka, na maji yakaenea katika mashamba ya pamba hadi upeo wa macho. Mamia ya maelfu ya watu walipoteza makazi, wengi wao wakiwa Waamerika Weusi waliokuwa wakilima mashamba ya wengine. Hadi wakati huo wahandisi wa jeshi waliamini kwamba matuta peke yake yangeufunga mto. Imani hiyo ilisombwa pamoja na matuta. Kampuni za bima zilizokuwa zimejaribu kuuza bima ya mafuriko katika miaka ile zilihesabu hasara, zikafunga daftari. Tangu hapo, mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba nchini Marekani ukawa na kifungu kinachosema waziwazi kwamba hasara ya mafuriko haimo. Kifungu hicho kipo mpaka leo, na ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwenye nyumba huko anapaswa kulijua. Bima ya nyumba na bima ya mafuriko ni mikataba miwili. Kuwa na ule wa kwanza hakukupi wa pili.

Baada ya kampuni kukimbia, kwa muda wa miaka 40 serikali ilitegemea mambo mawili, yaani kujenga mabwawa na matuta, na kutoa msaada baada ya maafa. Mwaka 1951 mito ya Kansas na Missouri ilipofurika, Rais Harry Truman aliliomba Baraza la Kongresi lianzishe mfuko wa bima ya mafuriko. Hakusikilizwa. Mwaka 1955 tufani ziliipiga pwani ya mashariki na kufurisha mito hadi majimbo ya New England, na safari hii Kongresi ikashtuka. Sheria ya bima ya mafuriko ilipitishwa mwaka 1956. Lakini mwaka uliofuata Kongresi ileile ilikataa kuitengea fedha, na sheria ikafa kabla haijauza mkataba hata mmoja. Lipo funzo hapo kuhusu wanasiasa. Maafa yanapokuwa mapya, ahadi ni nyingi. Matope yakikauka, na ahadi nazo hukauka.

Kilichobadilisha mambo kilikuja Septemba 1965. Tufani iliyopewa jina la Betsy iliingia Louisiana, na mji wa New Orleans ukafurika, hasa mitaa ya watu wa kipato cha chini upande wa mashariki. Rais Lyndon Johnson alifika mjini siku iliyofuata. Kongresi ikaagiza uchunguzi, na katika uchunguzi wa miaka ile ndipo tunapokutana na mtu ninayetaka mmjue, mwanajiografia Gilbert White.

White alikuwa ameandika tangu miaka ya 1940 kwamba mvua na mito ni mambo ya Mungu, lakini hasara kubwa ya mafuriko inaletwa na watu wenyewe, kwa kwenda kujenga mahali ambapo mto umekuwa ukipita tangu zamani. Alionya pia kwamba matuta huwapa watu ujasiri wa uongo. Tuta likijengwa, nyuma yake hujengwa nyumba nyingi zaidi, na siku likivunjika hasara inakuwa kubwa kuliko kama lisingejengwa. Mwaka 1966 aliongoza kamati ya serikali iliyopendekeza njia mpya. Kamati hiyo ilikubali bima, lakini kwa tahadhari: bima ikiuzwa kwa bei ya chini bila kudhibiti ujenzi mabondeni, itawavuta watu zaidi kwenda hatarini.

Sheria ilipitishwa mwaka 1968, na ndiyo iliyozaa mpango wa taifa wa bima ya mafuriko unaoendelea hadi leo. Ulikuwa mapatano ya pande mbili. Serikali kuu itatoa bima ambayo kampuni zimekataa kuitoa. Mji au wilaya, kwa upande wake, itaweka kanuni za ujenzi, ili nyumba mpya zinyanyuliwe juu ya kiwango cha maji au zisijengwe kabisa. Mji usiojiunga, wakazi wake hawawezi kununua. Nyumba za zamani, zilizojengwa kabla ya ramani kuchorwa, zilipewa bei nafuu isiyolingana na hatari yao, kwa hoja kwamba wenyewe hawakuwa wameonywa. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Lakini unafuu uliodhaniwa kuwa wa muda ulidumu miaka mingi, na White alikuwa ameshasema yatakayotokea.

Mwanzoni watu hawakununua. Tufani Agnes ilipofika Juni 1972 na kuleta hasara ya zaidi ya dola bilioni 2, hasa Pennsylvania na New York, ilikutwa kwamba karibu hakuna aliyekuwa na bima hiyo. Ndipo mwaka 1973 Kongresi ikatumia nguvu. Yeyote anayechukua mkopo wa nyumba kutoka benki inayosimamiwa na serikali kuu, na nyumba iko katika eneo la hatari kubwa kwenye ramani, ni lazima akate bima ya mafuriko.

Naomba tusimame kidogo kwenye ramani hiyo, maana ndiyo iliyowapotosha watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Eneo la hatari kubwa ni lile ambalo lina nafasi moja katika 100 ya kufurika katika mwaka wowote. Watu wakalibatiza jina la mafuriko ya miaka 100. Masikio ya kawaida husikia kwamba yakija mwaka huu, yatarudi baada ya karne. Sivyo. Nafasi ni ileile kila mwaka, hata kama mwaka jana yalikuja. Na mtu mwenye mkopo wa miaka 30 katika eneo hilo, ukipiga hesabu sawasawa, ana nafasi ya asilimia 26 ya kufurikiwa angalau mara moja kabla hajamaliza deni. Hiyo ni zaidi ya robo. Nani kati yetu angepanda basi akiambiwa kwamba katika kila mabasi manne moja litapinduka?

Kosa la pili la ramani ni kwamba ina mstari, na maji hayaujui mstari. Nyumba ya upande huu inalazimishwa kukata bima, na ya ng'ambo ya barabara inaambiwa si lazima. Jirani wa ng'ambo anasikia "si lazima" na kuelewa "hakuna hatari".

Halafu kuna suala la benki. Sheria inapomlazimisha mkopaji kukata bima, inalinda nini? Inalinda mkopo. Kiasi kinachodaiwa na sheria si zaidi ya deni lililobaki. Tuseme nyumba yako ingegharimu dola 200,000 kuijenga upya, na deni lako limebaki dola 80,000. Ukikata bima ya dola 80,000, umetimiza sheria na benki imeridhika. Maji yakiibomoa, benki italipwa, nawe utabaki na kiwanja chenye matope. Vitu vyako vya ndani, vitanda, friji, nguo na vitabu vya watoto, havimo kabisa usipovikatia bima kwa fungu lake. Watu wengi wamegundua hilo wakiwa wamechelewa. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba ya urithi isiyo na deni hakuna anayemlazimisha, wala anayemkumbusha. Huko New Orleans, katika mtaa wa Lower Ninth Ward, nyumba nyingi zilikuwa za namna hiyo, zimerithiwa kutoka kwa wazazi na mababu.

Mtaa huo ndio uliosombwa tarehe 29 Agosti 2005. Tufani Katrina iliposukuma maji ya bahari na ziwa kuelekea mji, matuta na kuta za mifereji zilivunjika, na asilimia 80 ya New Orleans ikawa chini ya maji. Zaidi ya watu 1,300 walikufa katika maafa yale. Mpango wa bima ulilipa fidia ya zaidi ya dola bilioni 16, kiasi ambacho haukuwa nacho, ukalazimika kukopa kutoka hazina ya serikali.

Lakini ninachotaka mkikumbuke kuhusu Katrina ni vita vya maneno. Pwani ya Mississippi kulibaki misingi mitupu ya saruji. Nyumba hazipo. Mkataba wa kawaida wa nyumba hulipa hasara ya upepo na haulipi ya maji. Je, nyumba hii iling'olewa na upepo kwanza, au na maji? Shahidi hakuwapo, maana waliokuwa na akili walikuwa wamekimbia. Kesi zilijaa mahakamani. Huko New Orleans wenye nyumba walileta hoja nyingine. Walisema kwamba yale hayakuwa mafuriko kwa maana ya mkataba, maana maji yaliingia kwa sababu ya kuta zilizojengwa vibaya na binadamu. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ilikataa, ikasema mafuriko ni mafuriko, hata kama chanzo chake ni ukuta uliovunjika. Kwa hiyo, katika bima, jina la balaa ndilo linaloamua nani analipa. Anayechagua bima hana budi kusoma maana ya kila neno kabla ya kuangalia bei.

Mpango wa taifa wa Marekani una maana yake. Mafuriko ni maji yaliyofunika kwa muda ardhi iliyo kavu kwa kawaida, na yawe yamefunika angalau ekari mbili, au viwanja viwili na zaidi kimojawapo kikiwa chako. Bomba likipasuka jikoni kwako, hayo si mafuriko. Matope yanayotiririka kama maji yamo. Ardhi inayoporomoka kutoka mlimani haimo, hata kama imelainishwa na mvua.

Agosti 2017 tufani Harvey ilisimama juu ya kusini-mashariki ya Texas kwa siku kadhaa, na sehemu nyingi za Houston zikapata mvua inayopita milimita 1,000. Houston ni mji uliopokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo wazungumzao Kiswahili, kwa hiyo habari hii si ya mbali na sisi. Katika wilaya ya Harris, ambamo mji huo umo, nyumba zaidi ya 150,000 zilifurika. Karibu theluthi mbili ya nyumba hizo zilikuwa nje ya eneo la hatari kubwa kwenye ramani, na ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja zilizokuwa na bima ya mafuriko. Ule mstari niliousema ulikuwa umewalaza watu usingizi. Oktoba mwaka huo Kongresi ilifuta deni la dola bilioni 16 la mpango wa bima, maana ilionekana hauwezi kulilipa.

Ndipo likaja badiliko ambalo naliona kubwa kuliko yote tangu 1968. Kuanzia Oktoba 2021 kwa mikataba mipya, na Aprili 2022 kwa ile inayofanywa upya, bei iliacha kutegemea mstari wa ramani. Ramani bado inaamua nani analazimishwa na benki, lakini bei inahesabiwa nyumba kwa nyumba. Huangaliwa umbali wake kutoka mtoni au baharini, kimo cha sakafu yake, msingi wake ni wa namna gani, mafuriko ya aina gani yanaweza kuifikia, na itagharimu kiasi gani kuijenga upya. Ilikuwa imegundulika kwamba chini ya utaratibu wa zamani nyumba za bei ya chini zilikuwa zikilipa zaidi ya haki yake, na majumba ya kifahari ya ufukweni yakilipa pungufu. Baadhi ya watu bei zao zilishuka. Wengi zilipanda, ingawa sheria hairuhusu ongezeko la zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka kwa nyumba anayokaa mwenyewe.

Naam, baada ya historia hiyo yote, mtu achague vipi? Nitasema kama ninavyoona mimi, na nitafuata mpango wa taifa wa Marekani, wenye mikataba zaidi ya milioni 4.

Kwanza, anza na gharama ya kuijenga nyumba upya, wala usianze na bei uliyoinunulia. Bei ya soko ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakisombwi. Mwulize fundi anayejua bei za saruji, mbao na kazi za mikono katika mji wako. Kiwango cha juu kwa nyumba ya familia ni dola 250,000. Ukikatia nyumba unayokaa angalau asilimia 80 ya gharama hiyo, au ukafika kiwango cha juu, hulipwa gharama ya kujenga kwa vifaa vipya. Ukikata chini ya hapo, hesabu hubadilika na uchakavu unaweza kukatwa. Katika mfano wetu wa dola 200,000, asilimia 80 ni dola 160,000, yaani mara mbili ya kile kilichoitosheleza benki.

Pili, vitu vya ndani. Vina fungu lake, hadi dola 100,000, na mpangaji naye anaweza kulikata bila kuwa na nyumba. Hivi hulipwa kwa thamani ya siku ile, uchakavu ukiwa umetolewa. Kochi la miaka kumi halitakununulia kochi jipya. Pitia chumba kwa chumba uandike ulicho nacho, upige picha, na nakala uiweke nje ya nyumba hiyo.

Tatu, kiasi cha hasara unachokubali kukibeba mwenyewe kabla ya kulipwa. Unaweza kuchagua kutoka dola 1,000 hadi 10,000. Kiasi kikubwa kinashusha ada ya mwaka. Lakini jiulize kwa unyofu kama una hiyo dola 10,000 mahali ambapo maji hayafiki. Na ukumbuke kwamba jengo na vitu vya ndani kila kimoja kina kiasi chake, kwa hiyo gharika moja inaweza kukutoza mara mbili. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini kwanza lazima iwepo.

Nne, chumba cha chini ya ardhi. Mitambo ya joto na nguzo za jengo humo hulindwa. Zulia, samani na kuta ulizozipamba hazilindwi. Mwenye chumba cha kulala huko chini asidhani amekikatia bima.

Tano, yasiyomo. Gari halimo. Fedha taslimu hazimo. Gharama ya kupanga mahali pengine wakati nyumba inakarabatiwa haimo, na hiyo ndiyo inayowaumiza wengi. Baadhi ya kampuni binafsi, ambazo zimeanza kurudi katika biashara hii, huiweka katika mikataba yao, na tangu Julai 2019 benki zinalazimika kuikubali mikataba ya kampuni hizo ikitimiza masharti. Linganisha, lakini uliza pia kama kampuni inaweza kukuacha baada ya gharika ya kwanza.

Sita, wakati. Mkataba unaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipa, isipokuwa katika hali chache kama vile unapochukua mkopo. Zamani zilikuwa siku 5, na katika gharika kubwa ya Mississippi ya mwaka 1993 watu wa chini ya mto walikuwa wakinunua huku maji yakiwajia. Sheria ya mwaka 1994 ikaufunga mlango huo. Na hasara ikitokea, ushahidi wa madai hutakiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, isipokuwa serikali iongeze muda.

Sasa turudi kwetu. Tanzania iliweka biashara ya bima mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa mwaka 1967, na milango ikafunguliwa tena kwa kampuni nyingine kwa sheria ya mwaka 1996. Hatuna mpango wa taifa kama ule. Aghalabu mafuriko huingia kama nyongeza kwenye bima ya moto, na nyongeza hiyo mtu lazima aiombe na kuilipia. Desemba 2011, mvua kubwa zilipofurisha bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, zaidi ya watu 40 walikufa, na serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande. Desemba 2023 huko Katesh, chini ya mlima Hanang, matope na mawe yaliua zaidi ya watu 80. Aprili 2024 huko Mai Mahiu nchini Kenya maji yaliwasomba watu zaidi ya 40 usiku. Kwanza ikasemwa bwawa limepasuka, kisha maofisa wakaeleza kwamba mfereji chini ya reli uliziba kwa takataka hadi maji yakapasua. Mafuriko, maporomoko, kupasuka kwa bwawa: kwa mfiwa ni msiba mmoja, kwa karatasi ya bima ni vifungu vitatu. Mwenye bima Nairobi, Mwanza au Mombasa na aulize wakala wake, kwa maandishi, ni lipi limo na ni lipi halimo.

Najua wengi mnaonisikiliza mtasema bima ni ya wenye nacho. Hilo nalikubali kwa sehemu kubwa. Hesabu ya nyumba kwa nyumba ina ukweli, lakini ukweli huo unamwambia maskini wa bondeni alipe zaidi ya wote, na mara nyingi yuko bondeni kwa sababu kilimani hapakumudika. Marekani yenyewe haijalitatua jambo hilo, na tangu 2017 mpango wake umekuwa ukiishi kwa kuongezewa muda mfupi mfupi. Uingereza mwaka 2016 ilianzisha mfuko ambao kampuni zote zinachangia ili nyumba zilizo hatarini zipate bei ya kumudika, ikaziacha nje zilizojengwa baada ya mwanzo wa mwaka 2009, kusudi watu wasihamasishwe kujenga mabondeni. Naiona kuwa njia ya busara, kwani inamhurumia aliyekwishajenga na kumwonya anayetaka kujenga.

Mafuriko yakilipwa na bima, yamelipwa kwa kuchangiana. Yasipolipwa na bima, bado yamelipwa, ila na familia moja moja, kwa ng'ombe waliouzwa, ada ya shule iliyokosekana na deni kwa shemeji. Gharama haipotei, linalobadilika ni nani ataibeba na kama alijiandaa. Kwa hiyo, kabla ya masika, toeni ile karatasi ya bima kabatini, kama mnayo, muisome hadi mstari wa mwisho. Kama hamnayo, nendeni mkawaulize wazee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi. Hilo halina ada, na mara nyingi wanaijua alama ya maji kuliko ramani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.